Friji Inazima Saa Nane za Usiku: Fundi Anajibu Wenye Magari ya Kulala

Mwezi huu mhariri amenikabidhi barua ambazo karibu zote zimetoka kwa watu wanaolala kwenye magari yao: Coaster zilizong'olewa viti, Land Cruiser zenye hema juu ya paa, hata dada mmoja aliyeko Ujerumani. Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji ipo Arusha, na magari ya safari ndiyo yanayoniweka mjini. Majibu yangu mengi yanadhani unayo multimita, kile kipimo cha volti. Kama huna, nunua. Ya bei ya chini inatosha, na ni rahisi mara nyingi kuliko betri ambayo huenda huihitaji.

Mwalimu mstaafu, Moshi: *Fundi, habari za kazi. Nilinunua Coaster ya dizeli, tukatoa viti, tukaweka kitanda, sinki na friji ndogo. Mimi na mama watoto tunazunguka kuwaona wajukuu Dodoma na Singida, tunalala humohumo. Shida ni betri. Zipo mbili, na inayokufa ni ya upande wa mlangoni siku zote. Nimeshanunua mpya mara tatu. Mara ya mwisho fundi alizibadilisha nafasi, ikafa tena ile iliyokaa upande wa mlangoni. Nyenzake inakula maji sana na inatoa harufu ya mayai viza. Altaneta wameipima, wanasema nzima.*

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya kubadilisha nafasi ndiyo imenipa jibu. Betri ikifa kwa sababu ni mbovu, ubovu huhama nayo. Hapa umebaki palepale, kwa hiyo kosa liko kwenye nyaya za upande huo.

Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani zinatumia volti 24. Hizo betri mbili zimefungwa kwa mfululizo, 12 juu ya 12. Sasa friji yako, taa za ndani, redio na pampu ya maji, vyote ni vya volti 12. Aliyekufungia alifanya wanachofanya wengi: akachukua chanya katikati, pale betri ya kwanza inapoungana na ya pili, akapata volti 12 bila kununua kitu. Nina hakika betri ya upande wa mlangoni ndiyo ambayo hasi yake imeshika bodi. Hiyo peke yake inalisha friji usiku kucha wakati nyenzake imelala.

Asubuhi unawasha injini. Altaneta haijui kwamba betri moja ina njaa na nyingine imeshiba. Yenyewe inaangalia jumla, inasukuma volti 28 na kidogo, basi. Ile iliyochoka inabaki kwenye 13 hivi, haijai hata siku moja. Iliyoshiba inasukumiwa 15, inachemka, maji yanakauka na ndipo inatoa hiyo harufu. Harufu hiyo ni ya gesi mbaya kwa mapafu, na pamoja nayo hutoka haidrojeni ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Usiwashe kiberiti karibu na sanduku la betri, na kama mmelala karibu nalo, fungueni madirisha.

Hakikisha mwenyewe kabla hujamlipa mtu. Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, pima kila betri peke yake. Ukikuta moja inasoma 12.1 na nyingine 12.8, mjadala umekwisha. Kisha washa injini, upime tena kila moja.

Dawa yake ina ngazi mbili. Ya haraka ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye uwezo wa ampea 20 au 30. Kinavuta kwenye betri zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo zinachoka sawa na kujaa sawa. Lakini mwalimu, zikichoka sawa maana yake asubuhi unaweza kukosa stata pale Manyoni, na kusukuma Coaster si kazi ya wastaafu. Kwa hiyo mimi ningekwenda ngazi ya pili moja kwa moja: betri ya tatu ya volti 12, ya nyumba tu, isiyoingiliana na stata. Inachajiwa na chaja inayopokea 24 kutoka kwenye gari na kutoa 12 iliyopangwa vizuri, na inafanya kazi injini ikiwa inanguruma tu.

Ukubwa wake tuupigie hesabu. Friji ya kompresa kama yako inavuta kama ampea 4 ikiwa inafanya kazi, na kwa joto letu chukulia inafanya kazi nusu ya muda. Hiyo ni wastani wa ampea 2 kwa saa 24, yaani ampea-saa (Ah) 48. Taa za LED na kuchaji simu ongeza 8. Pampu ya maji inavuta nyingi lakini kwa dakika chache, usiihesabu. Unatumia Ah 56 kwa siku. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ya Ah 100 inakupa 50 za halali. Usiku mmoja na asubuhi yake, sawa. Mkikaa siku tatu kwa mjukuu bila kuwasha gari, weka paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, ambayo kwa jua la Singida siku nzuri inarudisha karibu Ah 60. Usiiweke mahali ambapo keria inatupa kivuli. Kivuli kidogo tu kwenye kona ya paneli kinakula umeme mwingi kuliko unavyodhani.

Mambo mawili ya mwisho. Betri hizo mbili za gari badilisha zote kwa siku moja, aina moja, ukubwa mmoja. Mpya ukiifunga na kuukuu, kuukuu itaivuta chini. Na kwenye betri ya nyumba, fyuzi ikae karibu kabisa na chanya, isizidi shibiri moja. Fyuzi iliyokaa kule ndani kwenye kabati inalinda kabati. Waya wote unaopita chini ya sakafu kabla yake hauna mlinzi, na ukipiga shoti ndio unaochoma gari.

Dereva wa watalii, Arusha: *Fundi mkuu, shikamoo. Naendesha Land Cruiser yenye hema la paani na friji nyuma. Tukilala Seronera, friji inazima kama saa nane za usiku na kuwasha taa nyekundu. Asubuhi napima betri, 12.4, na gari linawaka kwa stata ya kwanza. Bosi ameshanunua betri mpya, tatizo lipo palepale. Wageni wamekula wali na kabichi siku mbili kwa sababu nyama iliharibika.*

Marahaba. Pole kwa kabichi.

Betri yenu mpya ilikuwa hela ya bure. Friji hizi zina ulinzi wa betri: volti ikishuka chini ya kiwango fulani zinajizima ili asubuhi usikose stata. Ila friji haijui volti iliyopo kwenye betri kule mbele. Inajua volti iliyofika kwake nyuma. Kati ya hapo na hapo kuna mita sita za waya, tundu la kuwashia sigara, na viungo ambavyo sitaki hata kuvifikiria.

Nadhani mmefungiwa waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, maana ndio uliojaa madukani. Mita sita kwenda na sita kurudi ni mita 12. Waya wa shaba wa 1.5 kwa urefu huo una ukinzani wa omu 0.14. Friji ikivuta ampea 5, volti 0.7 zinapotea njiani na kuwa joto. Usiku betri ikiwa na 12.2, ambayo ni nusu, friji inaona 11.5 na kuamua kwamba betri imekufa. Ikishazima, mzigo umeondoka, betri inapumua na volti inapanda. Ndiyo maana asubuhi unakuta 12.4 na kila mtu anashangaa.

Weka waya wa 6 na upotevu unashuka chini ya volti 0.2. Nunua waya laini wenye nyuzi nyingi ndani. Ule mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja unakatikia ndani ya ganda lake ukishapitishwa mara kadhaa kwenye mawimbi ya barabara ya Ngorongoro kwenda geti la Naabi. Kwa nje unauona mzima, na hapo ndipo mafundi wanapotafuta ubovu siku nzima. Hasi nayo irudi kwa waya wake hadi kwenye betri. Najua bodi ya gari ni chuma na kila mtu anaitumia kama njia ya kurudi, lakini bodi ya nyuma ya magari ya safari imekatwa, imechomelewa, imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na vumbi limeingia kwenye kila bolti. Umeme unaporudi humo unahangaika.

Viungo vibanwe kwa koleo la kubania na vichwa vya shaba. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi ni kazi ya wiki moja. Joto linayeyusha gundi, tepu inafunguka, shaba inageuka kijani. Na lile tundu la sigara liondoe. Lilitengenezwa kwa kitu kinachochomekwa sekunde chache, nyinyi mnalitaka lishike friji kwa saa kumi huku gari likirukaruka. Weka plagi yenye kufunga.

Kipimo cha kumwonyesha bosi ni hiki: friji ikiwa inanguruma, pima volti kwenye betri, halafu mara moja pima kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi nusu volti, mwonyeshe namba hizo mbili kabla hajaagiza betri nyingine. Vilevile tazama ulinzi wa friji umewekwa ngazi gani. Nyingi zina ngazi tatu, na dukani hutoka zikiwa kwenye ile ya juu. Kama betri ya friji ni moja na ya stata, iache hapo hapo juu. Kama ni ya pili, inayojitegemea, shusha.

Dada wa Hamburg: *Hujambo fundi? Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni wa huku, tuna gari la kulala lililojengwa juu ya Fiat Ducato. Tangu Novemba maji yote ya boila yanamwagika yenyewe chini ya gari usiku, asubuhi hakuna maji ya moto. Gereji ya huku inataka euro nyingi hata kuangalia tu. Pia tumeweka betri ya lithiamu na asubuhi ya baridi inakataa chaji. Je, tumeuziwa mbovu?*

Sijambo dada yangu. Magari ya huko huletwa kwangu na Wazungu wanaoshuka nayo hadi Cape Town, kwa hiyo hilo boila nalifahamu, ingawa huku halijawahi kumwaga maji kwa sababu ya baridi.

Hakuna kilichoharibika. Boila za magari ya kulala zina valvu ya usalama dhidi ya kuganda. Joto linapokaribia nyuzi 3 pale valvu ilipo, inajifungua na kumwaga maji yote, kwa sababu maji yakiganda ndani ya boila yanalipasua, na boila jipya litakuuma kuliko hiyo gereji. Ukijaribu kuifunga asubuhi inagoma hadi sehemu ile ipate joto la kama nyuzi 7. Kwa hiyo washa hita kwanza, fungua kabati ambamo valvu imekaa ili hewa ya moto iingie, ndipo uifunge na kujaza maji. Mkilala humo, acheni hita iwake kidogo usiku kucha na mlango wa kabati hilo uwe wazi. Mkiliacha gari uwanjani bila hita, muiache valvu wazi pamoja na mabomba yote, maji yaishe. Kuna wanaobana kitufe cha valvu kwa kibanio cha nguo ili isifunguke. Mwambie shemeji asithubutu.

Kwa gesi, hakikisha mtungi wa baridi ni wa propeni. Biuteni ikifika karibu na nyuzi sifuri inakataa kugeuka mvuke, mtungi unabaki mzito na jiko halina moto. Na kwa kuwa mnalala na hita ya gesi, king'ora cha monoksidi ya kaboni kiwepo na betri yake iwe hai.

Lithiamu nayo iko sahihi. Seli zake haziruhusiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, zinaharibika kwa ndani na haziponi, kwa hiyo saketi ya ulinzi iliyomo inafunga mlango wa chaji. Kutoa umeme inaruhusu, kupokea ndiyo haitaki. Ihamishieni ndani ya gari kwenye joto, chini ya kiti kwa mfano. Msiipime kwa volti kama betri ya asidi. Lithiamu inakaa kwenye 13.2 hivi kwa sehemu kubwa ya ujazo wake, halafu inaanguka ghafla, hivyo volti hiyo haikuambii kama imebaki asilimia 80 au 40. Inahitaji mita ya kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Swali ambalo hukuuliza: gari lenu ni la mwaka gani? Ducato za miaka ya karibuni, kama magari mengine ya Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari), zina altaneta zinazoshusha volti zenyewe ili kupunguza mafuta. Kama betri ya nyumba inachajiwa kupitia rilei ya kawaida tu, haitajaa hata mkiendesha hadi Munich. Hapo inatakiwa chaja ya kati, ya 12 kwenda 12. Kwa lithiamu chaja hiyo inasaidia pia kuilinda altaneta, maana lithiamu yenye njaa inavuta ampea bila adabu na altaneta inaungua.

Kijana wa Nakuru: *Sasa fundi. Nina Hiace ya zamani, nimeifanya ya camping. Nikinunua inveta ya wati 2000, nitaweza kutumia birika ya umeme asubuhi? Betri yangu ni Ah 100.*

Wati 2000 kwa volti 12 ni ampea 167, na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nayo inakula chake, weka 185. Hiyo ni sawa na kupiga stata dakika tano mfululizo kwa ajili ya chai. Betri ya asidi itashuka volti na inveta itapiga kelele kabla maji hayajaanza kuimba. Chukua mtungi mdogo wa gesi. Inveta nunua ya wati 300 kwa ajili ya laptopu.

Msafiri wa Mbeya: *Fundi, Land Cruiser yangu ina injini ya 1HZ, nimejenga kibanda cha kulala nyuma. Nikipanda Kitonga inachemsha. Fundi wa huku ametoa thermostati, sasa inachemsha zaidi. Tufungue silinda hedi?*

Msifungue chochote kwanza. Rudisha thermostati. Katika injini nyingi ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Ndiyo maana imezidi.

Kisha angalia feni. 1HZ ina feni yenye klachi ya mafuta mazito, hukaza joto likipanda. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha ufunguo umetoka, izungushe kwa mkono. Ikikupinga, nzima. Ikizunguka kama pangaboi, imekufa, na mlimani ambako gari linakwenda polepole hakuna upepo mwingine wa kuisaidia. Baada ya hapo, mwagia rejeta maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo. Mbegu za nyasi na matope hukaa katikati ya rejeta na kondensa ya AC, ukiangalia kwa mbele huoni kitu. Badilisha na kifuniko cha rejeta, ni bei ndogo. Na uzito nao: kibanda, tangi la maji, jerikeni za dizeli juu. Panda kwa gia ya chini injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha, ili pampu na feni zifanye kazi. Kung'ang'ania gia kubwa huku injini inakoroma ndiko kunakochemsha. Ukikuta mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiwa inawaka, hapo ndipo tuzungumze habari za hedi.

Mama wa Tanga: *Mwanangu fundi, gari la kulala la marehemu mume wangu limekaa miaka uani. Tairi zina kashata nzuri kabisa. Naweza kwenda nalo Lushoto?*

Shikamoo mama, na pole sana. Kwa tairi hizo, hapana. Ubavuni mwa tairi tafuta neno DOT, mwishoni mwake kuna tarakimu nne. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Magari ya kulala yanasimama muda mrefu yakiwa na mzigo, mpira unazeeka kabla kashata haijalika. Ukiona nyufa ubavuni, au zimepita miaka kumi, zote zitoke, na ya akiba pia. Ile barabara ya Soni ina kona na makorongo, si mahali pa kupasukiwa. Kabla hujaenda, fundi abadilishe mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu yakikaa, amwage maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli, na afunue nyaya zote kutafuta meno ya panya.

Msomaji wa Bukoba ameandika mstari mmoja: *"Gari langu la kulala halina nguvu ya umeme, nifanyeje?"* Ndugu yangu, niandikie tena. Nataka aina ya gari, injini, na volti tatu zilizopimwa kwenye betri yenyewe. Ya kwanza asubuhi kabla hujagusa chochote. Ya pili mtu mwingine akiwa anapiga stata. Kwa gari la volti 12, ikishuka chini ya 9.6 nieleze imeshuka hadi ngapi. Ya tatu injini ikiwa inanguruma, taa kubwa na feni ya ndani zimewashwa, na hapo natarajia kusikia kati ya 13.8 na 14.4. Barua ikifika kabla ya toleo lijalo kwenda kiwandani, yako itakuwa ya kwanza.